Mahakama Ziko Mlangoni, Wanafunzi Wako Steshenari

Usiku wa kuamkia jaribio, mahali penye watu wengi kuliko pote kando ya kampasi moja ninayoizoea, kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ni steshenari. Nilifika hapo mwezi Juni nikiwa nimembebea mpwa wangu blanketi, kwa kuwa baridi ya Usa River wakati huo haina mzaha, na geto alilopanga lina dirisha ambalo mwenye nyumba aliahidi kulirekebisha tangu Pasaka. Chumbani hakuwepo. Nilimkuta kwenye foleni ya watu wapatao ishirini mbele ya mashine mbili za fotokopi, moja ikitoa karatasi na nyingine imefunguliwa ubavu, kijana wa duka akiitikisa katriji ya wino kama mtu anayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi.

"Shikamoo, mjomba. Nivumilie kidogo, nachukua kesi."

Kesi zenyewe zilikuwa kijitabu cha kurasa 32 kilichobanwa kwa pini mbili, kisicho na jina la mwandishi wala mwaka, ambamo hukumu zipatazo 60 zimekatwakatwa hadi kila moja ikabaki na mistari mitatu au minne: nani alimshitaki nani, mahakama ilisema nini, kanuni ni ipi. Wanafunzi wanakiita pamfleti. Nilikifungua blanketi likiwa bado kwapani, nikakuta humo uamuzi wa Mahakama ya Rufani ambao nimeutumia mwenyewe mara kadhaa mbele ya majaji, na mrufani aliyeshinda ameandikwa kuwa alishindwa. Nilipomwonesha, mpwa wangu hakushtuka. Alisema kosa hilo linajulikana, kwamba darasa lililowatangulia lilikuwa limelikuta hivyohivyo, na kwamba mtihani hauulizi nani alishinda, unauliza kanuni.

Ni rahisi kumcheka, lakini kabla ya kucheka tupige hesabu. Fedha ya chakula na malazi anayokopeshwa mwanafunzi na Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, ilipopandishwa kutoka 8,500, na bumu lenyewe huja kwa awamu, mara nyingi likiwa limekwisha kudaiwa na mama lishe na mwenye nyumba kabla halijaingia benki. Kwenye steshenari ile ukurasa mmoja ulikuwa shilingi 100. Hukumu moja ya kurasa 40 ni shilingi 4,000, yaani karibu nusu ya siku nzima ya kula na kulala, ilhali kwa shilingi 3,200 mwanafunzi anaondoka na hukumu 60. Zipo hukumu za bure kwenye tovuti ya TanzLII, na wanafunzi wanaijua vizuri. Ila kusoma kurasa 40 kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwa bando linalokatika saa sita usiku, ni kazi ambayo wengi tunaowahimiza kuifanya hatujawahi kuijaribu hata kwa wiki moja.

Kwa hiyo sina ugomvi na foleni ile. Ugomvi wangu ni na jambo lililo nyuma yake, ambalo fedha peke yake haielezi: mwanafunzi wa sheria katika mkoa huu anaishi chuoni miaka mitatu au minne akizoea kuamini kwamba sheria ni kitu kinachokaa kwenye karatasi, huku akiwa amezungukwa na mahakama kuliko mwanafunzi mwingine yeyote wa fani yake nchini.

Hilo la kuzungukwa si kutia chumvi. Mwanafunzi akipanda Hiace pale Leganga akaingia mjini, anakuta Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa mwaka 2001 na iliyo katika makao makuu ya Jumuiya. Akiendelea kuelekea barabara ya Dodoma, ndani ya viwanja vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, anaikuta Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha tangu mwaka 2007 na ambayo hukumu yake ya kwanza kuingia katika kiini cha mgogoro, ya tarehe 14 Juni 2013, ilikuwa dhidi ya Tanzania, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake kuhusu mgombea binafsi. Kule Lakilaki kuna majengo ya taasisi iliyorithi kazi za mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ile iliyoketi AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha hapa mjini, hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na ambayo tarehe 2 Septemba 1998, hapa hapa mjini, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu katika hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumkuta mtu na hatia ya mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza shauri. Wanafunzi wa London na Chicago wanasoma hukumu ile kama habari ya mbali. Wetu wanaisoma hivyohivyo, na jengo wanaliona wakipita kwenda kununua viatu.

Wakienda huko, wanakwenda kwa ziara. Kila darasa lina siku yake ya ziara, na siku hiyo ni sikukuu: suti zinapigwa pasi usiku kucha kwa umeme wa kuazima chumba cha jirani, basi la kukodi linachelewa, watu wanapokelewa na afisa mwenye adabu anayewaeleza muundo wa taasisi, maswali matatu yanaulizwa na walewale wanaouliza kila siku, kisha inapigwa picha ya pamoja mbele ya bendera. Picha hiyo hukaa kwenye simu hadi mahafali. Shauri halisikilizwi, kwa kuwa siku ya ziara hupangwa kwa kuangalia basi na siyo kwa kuangalia ratiba ya vikao.

Ofisini kwetu tunapokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kila mwaka, na nina tabia ya kuwauliza siku ya kwanza swali moja: umewahi kusikiliza shauri lolote, la aina yoyote, kuanzia ushahidi wa kwanza hadi hukumu? Sijafanya utafiti, na sitadai asilimia. Ninachoweza kusema ni kwamba nimezoea ukimya unaofuata swali hilo, na kwamba mara mbili au tatu nilizojibiwa ndiyo, aliyejibu alikuwa na ndugu aliyeshitakiwa.

Mjadala kuhusu ubora wa wanasheria wetu uliwaka kweli mwaka 2022, yalipotoka matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ambayo kila mhitimu anayetaka uwakili hupitia. Kati ya watahiniwa 633 walifaulu moja kwa moja 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na kwa wiki kadhaa kila mwenye simu alikuwa mtaalamu wa elimu ya sheria. Lawama ziligawiwa kama nyama ya sadaka: Shule inakomoa, vyuo vinadahili kila anayebisha hodi, wanafunzi hawasomi, Kiingereza chao ni kibovu. Nilizisoma nyingi, na nikaona kwamba ile ya mwisho ndiyo iliyorudiwa kwa uhakika mkubwa zaidi na kwa fikra ndogo zaidi.

Kiingereza cha wahitimu wengi ni dhaifu, sibishi. Nimepokea nyaraka kutoka kwa mawakili wachanga ambazo ilibidi nizisome mara mbili kujua mteja wao anadai au anadaiwa. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kijana huyu anaielewa sheria vizuri kichwani mwake na kinachomshinda ni kuitoa kwa lugha ya kigeni, kama mtu mwenye mzigo asiye na gari. Ukimwomba aieleze sheria hiyohiyo kwa Kiswahili, lugha anayoota nayo, ndipo unapogundua kuwa mzigo wenyewe haupo. Alichonacho ni maneno. Ameyapokea kwa Kiingereza, ameyahifadhi kwa Kiingereza na atayarudisha kwa Kiingereza kwenye karatasi ya majibu, na katika safari yote hiyo hayakuwahi kupita mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuyauliza maana yake.

Na hili linatokea wakati ambapo mahakama zenyewe zimehama. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ya Kiswahili siku zote. Kwa marekebisho yaliyofanywa na Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya utoaji haki katika mahakama na mabaraza, Kiingereza kikabakizwa kwa nafasi maalumu pale maslahi ya haki yanapokihitaji. Mwaka huohuo mlango wa Mahakama ya Mwanzo, ambao mawakili walikuwa wamefungiwa miaka yote, ukafunguliwa kwao pale anapoketi hakimu mkazi. Maana yake ni kwamba mhitimu wa leo anaweza kuanza kazi yake ya kwanza kabisa katika chumba ambamo kila neno, kuanzia salamu hadi hukumu, litasemwa kwa Kiswahili, akiwa ametoka katika chuo ambamo hakuwahi kuandika hata aya moja ya hoja ya kisheria kwa Kiswahili.

Jumanne iliyofuata jaribio lile, mpwa wangu hakuwa na kipindi hadi alasiri, nikamchukua asubuhi twende Mahakama ya Mwanzo moja huku Arumeru. Nitaeleza tulichokiona, nikibadilisha mambo mawili matatu ili wahusika wasitambulike.

Chumba kilikuwa kikubwa kama darasa la shule ya msingi, mabenchi sita, dirisha moja linaloangalia migomba. Hakimu, mwanamke wa makamo, alikuwa ameingia kabla yetu. Tulikaa nyuma. Mpwa wangu alikuwa amevaa kana kwamba anakwenda kwenye mashindano ya mahakama ya kuigiza, viatu vyeusi vya kisigino, na watu wawili walimpisha kwenye benchi wakidhani ni karani mpya. Yalitajwa mashauri manne kwa dakika kumi, yote yakaahirishwa, na nilimwona akitazama saa.

La tano lilikuwa la mirathi. Mama mmoja wa miaka kama sitini, amejifunga kitenge juu ya sweta, alisimama akiwa ameshika mfuko wa rambo wenye karatasi. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ameomba kuteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, na shemeji yake, ambaye alisimama upande wa pili akiwa ameshika kofia mkononi, ameweka pingamizi.

"Mama, muhtasari wa kikao cha ukoo unao?"

"Ninao, mheshimiwa. Ila mwenyekiti hakusaini. Alikuwa anaumwa, amelazwa."

"Sasa aliyeongoza kikao ni nani?"

Mama alimtazama shemeji yake, na shemeji akatazama kofia. Hakimu alisubiri. Nimekuwa mahakamani miaka mingi na bado naona kwamba ukimya wa namna ile, hakimu akiwa ameinua kalamu na wote chumbani wakijua kuwa jibu lipo ila halitaki kutoka, hauwezi kufundishwa ubaoni. Mpwa wangu alikuwa ameacha kutazama saa.

Hakimu aliagiza walioshiriki kikao wafike wenyewe tarehe nyingine, watu wakatoka. Nje, chini ya mti ambao kila Mahakama ya Mwanzo inao, mama yule alitufuata, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimevaa fulana ya kawaida na mpwa wangu suti, alimwendea yeye.

"Shikamoo, mama," mpwa wangu aliwahi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wakili? Naomba unieleweshe kitu kimoja tu. Huyu akipewa yeye huo usimamizi, ina maana nyumba ni yake? Mimi natoka?"

Mpwa wangu alikuwa amefanya vizuri katika jaribio la kwanza la mirathi, najua kwa sababu alinitumia matokeo. Alifungua kinywa, yakatoka maneno matatu ya Kiingereza na moja la Kilatini. Akajirekebisha, akasema kwamba msimamizi "anakuwa na mamlaka ya kisheria juu ya mali," na mama akashika kifua, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Nilinyamaza kwa makusudi, na naungama kwamba ilikuwa vigumu. Alijaribu tena, akakwama tena, akatazama chini. Kisha akasema:

"Mama, umewahi kuwa kwenye kamati ya harusi?"

"Nyingi tu."

"Mweka hazina anashika michango ya watu wote. Fedha ziko mkononi mwake, lakini si zake. Akizila, kamati inamdai. Msimamizi ni hivyo. Anakusanya, analipa madeni, anawagawia wenye haki, halafu anarudi mahakamani kueleza alivyogawa. Nyumba haiwi yake kwa kuwa msimamizi."

Mama alicheka kidogo, akasema kwamba shemeji yake amewahi kushika michango ya harusi na hesabu hazikutoka sawasawa, na kwamba sasa ameelewa ni kitu gani hasa aende akaieleze mahakama. Angalia kilichotokea hapo: maelezo sahihi ya sheria yalimpa mwenye shauri hoja. Hiyo ndiyo kazi yetu yote, iliyobaki ni mihuri.

Njiani kurudi mpwa wangu alikuwa mkimya hadi tulipopita Tengeru, kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile. Alisema kwamba kabla ya kuulizwa na mama yule alikuwa anajua msimamizi wa mirathi ni nani, ila hakuwa anajua kwamba hajui.

Sasa yako mambo yanayomzuia mwanafunzi kufika kwenye benchi lile la nyuma, na si haki kuyapita. Mojawapo ni hadhi. Wiki ya pili tu ya mwaka wa kwanza, vijana wa sheria wanaanza kuitana "msomi", kwa kuwa wamesikia mawakili wakiitana hivyo, na Jumatano na Jumamosi soko la Tengeru linafanya biashara nzuri ya suti za mtumba zinazopunguzwa mikono na mafundi wa palepale. Sioni ubaya wa suti. Mimi pia nilikuwa nayo, ya kijivu, iliyokuwa na jina la mtu mwingine ndani ya kola. Lakini usomi wa namna hiyo unaelekeza macho juu. Mwanafunzi anajiona kesho yake iko kwenye mahakama za kimataifa zilizo mjini, na Mahakama ya Mwanzo iliyo dakika kumi kutoka getoni kwake anaiona kama mahali pa watu walioibiana kuku.

Hata kwa anayetazama juu, hesabu hiyo ina kasoro. Mashauri mengi yaliyoifikia Mahakama ya Afrika kutoka kwetu yalianzia chini kabisa, kwa watu waliosimama kizimbani peke yao. Hukumu moja ya Novemba 2015 ilimhusu Mtanzania aliyekuwa anatumikia kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na mojawapo ya mambo ambayo Mahakama iliona yamekiuka haki yake ya kusikilizwa ni kwamba hakupewa msaada wa kisheria katika kesi nzito kiasi hicho. Miaka minne baadaye, Novemba 2019, Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Mwanafunzi anaweza kuandika insha ndefu juu ya tamko hilo, na wengi wameandika. Angeelewa uzito wake kwa namna nyingine kama angekuwa amewahi kumwona mtu asiye na wakili akiulizwa kama ana swali kwa shahidi, naye akajibu, "Sina, mheshimiwa, ila anasema uongo."

Tena ardhi hii wanayopanga mageto ina historia yake ya mahakama, ambayo sijaona pamfleti lake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya uwakili Moshi, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza dunia kilichotokea. Ardhi haikurudishwa kwa uamuzi wa New York. Ila fikiria kazi aliyoifanya Seaton kabla ya safari: kusikiliza wazee waliochomewa nyumba, kuyachuja maneno yao, kuyageuza kuwa madai ambayo chombo cha kimataifa kingeweza kuyapokea bila kuyaua. Ofisi yake haikuwa na kitu cha kunakili katika hilo. Ilibidi asikilize.

Wahadhiri nao wana la kusema, na wengine wameniambia. Darasa lina mamia ya wanafunzi, na mhadhiri mmoja hawezi kuwapeleka wote kwenye chumba chenye mabenchi sita. Mitihani lazima isahihishwe ndani ya wiki chache, na mtihani unaosahihishika haraka ni ule unaouliza kanuni. Wanataja pia fildi, ambayo kwa ratiba ndiyo mahali pa vitendo. Kuhusu fildi nitasema kwa kifupi, maana mimi ni miongoni mwa wakosaji: katika ofisi nyingi za mawakili, kwetu tukiwemo kwa miaka mingi, mwanafunzi wa fildi hupeleka nyaraka masjala, hupanga mafaili na hutumwa fotokopi. Anatoka steshenari ya chuoni anakuja steshenari ya mjini.

Hoja yao kuhusu idadi ni ya kweli, lakini inakubalika tu ikiwa tunang'ang'ania kwamba wanafunzi waende kwa msafara. Kanuni ya msingi ni kwamba mashauri husikilizwa mahakamani hadharani, isipokuwa machache kama yale ya watoto. Mtu yeyote, hata muuza karanga, anaweza kuingia, akazima simu, akakaa. Mwanafunzi hahitaji barua, basi wala bendera. Hapa Arusha kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki ambamo ngazi za mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu ziko pamoja, kwa hiyo asubuhi moja inatosha kuona jinsi neno lilelile linavyobadilika uzito kutoka chumba kimoja hadi kingine. Wa Moshi nao wana Mahakama Kuu yao mjini. Wawili wawili, siku tofauti, hakuna chumba kitakachojaa.

Kinachokosekana ni sababu ya kwenda, na sababu ya mwanafunzi ni alama, tusijidanganye. Ningependa kila somo la mashauri ya madai, la jinai na la ushahidi litenge sehemu ya alama zake kwa daftari la mahakamani, daftari la kawaida la shule, lililoandikwa kwa Kiswahili kwa mkono wa mwanafunzi, lenye mwenendo wa shauri moja alilolifuata na maelezo yake ya kwa nini hakimu aliuliza alichouliza. Kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha iliyosemwa pale, na kwa sababu pamfleti la Kiswahili bado halijatungwa, ingawa sina shaka kwamba steshenari ile ingelitoa ndani ya muhula mmoja. Ndiyo maana shauri liwe tofauti kwa kila mmoja.

Nimeambiwa pia kwamba wanafunzi watachoka, kwa kuwa shauri moja linaweza kuahirishwa mara tano bila shahidi hata mmoja kusimama. Hilo nalikubali kabisa, na ndilo ninalolitaka. Mahakama ya kuigiza wanayoshindania vikombe haina ahirisho. Mambo ya hakika yanakuja yamekubaliwa, hakuna shahidi aliyekosa nauli, hakuna faili lililokwama, hakuna mshitakiwa aliyeletwa amechelewa. Kijana anamaliza chuo akiwa bingwa wa hoja, hajui kwamba sehemu kubwa ya maisha ya mteja wake itatumika kwenye benchi la korido akisubiri kuambiwa arudi lini. Anayeifahamu subira ile ataandika hati ya madai kwa namna tofauti, na atafikiri mara mbili kabla ya kuomba ahirisho kwa sababu ameamka na mafua.

Siku ile ya mirathi, kabla hatujaondoka, mpwa wangu alirudi ndani kumuuliza karani shauri la mama yule limepangwa lini. Karani, bila kuinua macho, alimtajia tarehe ya Jumatatu, wiki mbili mbele, saa tatu asubuhi. Aliiandika kiganjani kwa kalamu kwa kuwa simu alikuwa ameizima, na tulipofika kwenye gari akaiwasha kuangalia ratiba ya chuo. Jumatatu hiyo, saa tatu asubuhi, ana jaribio la pili la sheria ya mirathi.